Kuwaka na Kumeta: Nuru Isiyo na Moto

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wa pwani ya Mtwara huvuta samaki kwa taa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Siku hizi zimeenea taa za LED zitumiazo betri. Kwa Kiswahili zote mbili husemwa kuwa zinawaka, na hapo kitenzi kimoja huficha tofauti kubwa. Utambi wa karabai hutoa nuru kwa kuwa umeshika moto mkali. Fuwele iliyomo katika LED haihitaji moto: elektroni iliyopewa nguvu hushuka mahali pake pa chini, na nguvu iliyoachwa hutoka kuwa nuru. Penye dosari katika mpango wa atomu, nguvu hiyo hugeuka joto tupu, na betri ya mvuvi huliwa bure.

Dosari hizo ni ndogo mno, na mambo yake hupita upesi mno. Hadubini ya kawaida haipambanui vitu vilivyokaribiana kuliko nanometa 200 hivi. Hadubini ya elektroni huona vidogo zaidi, lakini elektroni zikimiminika mfululizo, mwanzo na mwisho wa nuru havijulikani. Ndipo leza inapohitajiwa. Mapigo yake hupimwa kwa femtosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Kila pigo huimulika ncha ya chuma na kung'oa elektroni chache. Hizo hupiga mahali pamoja tu pa fuwele, fuwele humeta, na muda wa kufifia hupimwa. Panapofifia upesi kuliko jirani zake, mara nyingi ndipo penye dosari.

Katika kuunganisha leza na hadubini hiyo, mmoja wa walioongoza alikuwa Mwafrika: Ahmed Zewail wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 na kufanya kazi Caltech, Marekani, hadi alipofariki mwaka 2016.

Kwa mtunga istilahi, msaada uko karibu. Mdudu mmoja wa usiku ana majina mawili, kimulimuli na kimetameta. La kwanza latokana na kumulika, kitenzi kitakacho yambwa; la pili na kumeta, kisichoitaka. Leza humulika, fuwele humeta. Ni kweli kwamba upanga ulionolewa nao humeta, tena kwa nuru ya kuazima. Kwa hiyo "mmeto" peke yake hautoshi. Lakini "mmeto wa ndani" wafaa kuliko "mwako", neno ambalo litamrudisha msomaji kwenye moto wa karabai.