Pensheni Saba kwa Mlezi Mmoja

Ukitoka Darajani ukafuata vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Shangani, mabango ya gesti yatakuchosha macho. Kumlaza mgeni usiku mmoja kunataka leseni ya Kamisheni ya Utalii. Bango la nyumba ya kulea wazee hutaliona. Wazee wenyewe wapo, ghorofani, juu ya mabango hayo hayo.

Kwa Unguja, ukisema nyumba za wazee watu wanaelewa Sebleni na Welezo, zote chini ya Serikali. Sebleni ni ya enzi za Mzee Karume. Kule Welezo, masista wa Kikatoliki walikuwa wakihudumia maskini kabla ya Mapinduzi. Katika nyumba hizo mbili Serikali inajikagua yenyewe. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, wanaifanya mabinti, wakamwana na watumishi wa ndani, na mkaguzi hana mlango wa kupigia hodi.

Mbona hakuna mfanyabiashara aliyejitosa kufungua nyumba ya wazee? Wengi watakwambia ni aibu: kumpeleka mzazi huko ni kumtupa. Aibu ipo, sikatai, lakini piga hesabu kwanza. Pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa waliofika miaka 70, awe mtu alichangia mfuko au hakuchangia, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 50,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa 2022 kilikuwa 347,000. Basi changanya pensheni za wazee saba, umlipe mlezi mmoja, utabakiwa na shilingi 3,000. Hapo hakuna aliyekula, hakuna dawa, na mlezi wa usiku hajaajiriwa. Mwenye uwezo wa kulipa zaidi ni yule mwenye mtoto Muscat au London, naye huajiri mtumishi akae na bibi nyumbani.

Na nyumba yenyewe ndiyo hiyo ya Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki mbali. Ngazi imesimama wima, ina giza hata saa sita mchana, na mara nyingi haina pa kushika. Mzee akishaishindwa ngazi hiyo, hashuki tena. Kikapu ndicho kinachoshuka, kwa kamba kutoka dirishani; muuza duka anatia mkate na chenji, kinavutwa juu. Mpita njia anaona ni jambo la kupigwa picha. Siku moto ukizuka, kikapu hakimshushi mtu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafariki. Lile lilikuwa jumba la makumbusho, linatazamwa na mji mzima. Dari inayovuja juu ya kitanda cha mzee wa ghorofa ya pili inatazamwa na nani?

Wapo dada zetu wanaolea wazee wa watu Uingereza, ambako nyumba ya malezi hukaguliwa na kupewa daraja. Hapa tusisubiri mabango yaje ndipo tukague. Serikali impe sheha muuguzi mmoja, wapande ngazi pamoja, waulize nani analala na mzee usiku na wapi pa kushika. Orodha ya wazee hao Serikali inayo. Ndiyo inayowalipa pensheni.