Bua Tamu, Gunzi Tupu

Watoto wa Arua na Koboko, mahindi yangali mabichi shambani, hupenda kuvunja bua na kulitafuna kama muwa. Bua lililo tamu kupita mengine mara nyingi ni la muhindi usiozaa. Utamu unaomfurahisha mtoto ni posho iliyopungua chunguni.

Sababu yake ni hii. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, nayo hupelekwa penye mahitaji: mizizini, katika bua, katika mbelewele zilizo kileleni na katika hindi lililo ubavuni. Mbelewele ndizo ua la kiume; hutoa chavua inayoangukia ndevu za hindi. Kila unywele uliopata chavua huweza kuzaa punje moja. Punje zikitunga huvuta sukari na kuigeuza wanga. Zisipotunga, sukari hukosa pa kwenda, ikabaki katika bua.

Hutokea muhindi ukawa tasa kwa upande wa kiume, yaani mbelewele zake hazitoi chavua iliyo hai. Muhindi huo hautumii chakula kingi kileleni. Ukipata chavua ya jirani, akiba hiyo huweza kulinufaisha hindi. Majaribio ya Kenya, Afrika Kusini na Zimbabwe, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba mahindi chotara ambayo nusu ya mimea yake haitoi chavua yalizidi mengine kwa wastani wa kilo 200 hivi kwa hekta. Nusu iliyobaki ilitosha kuchavusha shamba zima.

Lakini shamba lote likiwa tasa, na karibu hakuna mahindi mengine, mavuno yatakuwa mabua matamu na magunzi matupu. Tena utasa wa asili moja una hatari. Mwaka 1970 mbegu nyingi za chotara huko Marekani zilikuwa na utasa wa aina moja. Ugonjwa wa majani ukaharibu takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi hiyo.

Jamaa ya askari yenye kishamba nyuma ya nyumba na ipande mistari minne au zaidi iliyokaribiana, badala ya mstari mmoja mrefu, ili chavua isipeperuke bure. Mbelewele zisikatwe kulishia mbuzi kabla ndevu hazijakauka. Na bua likizidi utamu, mama mwenye shamba asiishie kumkemea mtoto. Na alifunue hindi la muhindi ule azitazame punje. Zikiwa chache, aulize habari za mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, Arua, kabla ya mvua nyingine.