Tunanunua muziki au tunanunua uziwi?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuiache kidogo bei ya dagaa na ubovu wa barabara, tuzungumze juu ya kitu kidogo kama punje ya harage ambacho siku hizi kimehamia katika masikio ya vijana wetu. Nazungumzia zile spika ndogo za kuchomeka sikioni ambazo wengi huziita iafoni, na wengine huziita hedifoni. Ukipita Barabara ya Mukendo hapa Musoma utazikuta zimening'inizwa mbele ya vibanda vya simu kama samaki waliotundikwa wakauke. Ukifika stendi ya Bunda zitakufuata dirishani pamoja na maji ya chupa na karanga. Na ukienda Butiama utamkuta kijana anachunga ng'ombe huku waya mweupe umetoka sikioni na kuingia mfukoni.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: iafoni ipi ni nzuri? Muuzaji anayo majibu yake tayari. "Mzee wangu, hii ni orijino, besi yake inapasua!" Ukimwuliza, "Mura, itadumu muda gani?" anacheka tu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata chema nacho hutembezwa, kwa hiyo methali peke yake haitoshi. Inafaa mnunuzi ajue kitu anachokinunua.

Basi tuanze na kilichomo ndani. Ndani ya iafoni mna sumaku, waya mwembamba uliozungushwa, na utando mwepesi. Umeme wa sauti unapotoka kwenye simu na kupita katika waya ule, waya husukumwa na kuvutwa na sumaku, na utando hutikisika. Ni ngoma ndogo sana iliyowambwa mlangoni mwa sikio lako.

Jambo hili si geni. Wenye umri wangu wanaikumbuka Walkman ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1979, pamoja na hedifoni zake za sponji zilizokaa juu ya masikio. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa aina ya ER-4, iliyoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba. Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliondoa tundu la waya katika simu yake ya iPhone 7 na kuanza kuuza AirPods, na tangu hapo zile zisizo na waya zikazidi kuenea kila mahali.

Kwa hiyo leo sokoni ziko aina kubwa tatu. Ya kwanza ni ile ya waya yenye plastiki ngumu, ambayo hukaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba. Ya pili ni ya waya lakini ina kofia laini ya mpira inayoingia ndani na kuziba. Ya tatu haina waya, hupokea sauti kwa Bluetooth, na hulala katika kikasha chake cha kuchajia. Nimezitumia zote tatu kwa zamu, hapa Musoma, katika safari za Bunda, na Butiama. Kila mahali palinifundisha jambo lake.

Tuanze na Musoma. Pale mwalo wa Mwigobero kuna injini za mitumbwi, wachuuzi wa dagaa, na maduka yanayoshindana kwa spika. Ukivaa iafoni isiyoziba, kelele zote hizo zinaingia pamoja na wimbo wako. Unafanya nini? Unaongeza sauti. Kelele zikizidi, unaongeza tena. Mwishowe simu imefika mwisho na bado unalalamika kwamba iafoni ni mbovu, haina besi. Kumbe besi imevuja. Sauti nzito inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya utando na ngoma ya sikio. Palipo na mwanya, sauti nzito ndiyo ya kwanza kutoroka, na kinachobaki ni ile nyembamba inayochoma.

Kipimo changu ni ritungu la ndugu zetu Wakurya. Chombo kile kina nyuzi nane na mlio wake ni mzito kama radi ya mbali. Katika iafoni isiyoziba nasikia vidole vinavyogusa nyuzi, lakini mngurumo umetoweka. Nikivaa yenye kofia ya mpira inayonitosha, mngurumo unarudi, hata kama nimeipunguza sauti ya simu. Ndiyo maana katika pakiti huwekwa kofia za saizi mbalimbali, ndogo, za kati na kubwa. Wengi huzitupa zile za ziada pamoja na pakiti. Ndugu msikilizaji, usizitupe. Kubadili kofia kunaweza kuipa iafoni ya bei ndogo sauti ambayo hukuitegemea. Na usishangae tundu la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia, kwani masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane.

Sasa twende Bunda. Katika basi la Mwanza kelele yako kubwa ni mngurumo wa injini na matairi. Hapo iafoni inayoziba inakusaidia sana. Ziko pia zisizo na waya ambazo hufuta kelele: kipaza sauti kidogo kinausikiliza mngurumo wa nje, kisha iafoni inatoa mngurumo ulio kinyume chake, na viwili hivyo vinauana. Njia hiyo inafaa zaidi kwa sauti nzito isiyobadilika kama ya injini. Kwa mtoto anayelia kiti cha nyuma haifui dafu.

Lakini Bunda ina somo lake jingine, nalo ni zito. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inapita mjini pale, na malori na mabasi hayana subira. Sifa ile ile ya kuziba iliyokufaa ukiwa abiria, ukiwa dereva wa bodaboda au mtembea kwa miguu inaweza kukuua. Honi ya lori hutaisikia. Nimepanda bodaboda ambayo dereva alikuwa na iafoni masikio yote mawili. Nilimgusa bega, nikamwambia, "Mwanangu, zitoe kwanza, mimi bado nina wajukuu wa kuwalea." Alizitoa, tukafika. Abiria unayo haki ya kusema hivyo, na usione haya.

Tuje Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Jioni pale ni kimya. Katika kimya hicho tofauti ya aina zote tatu inapungua mno, na hata iafoni nyepesi isiyoziba inasikika vizuri kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipothibitisha kwamba mara nyingi tunailaumu iafoni kwa makosa ya mahali tulipo. Na kuna jambo ambalo wasikilizaji wa redio lazima walijue: katika simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa iafoni ndio antena. Usipouchomeka, redio haikamati. Iafoni isiyo na waya haiwezi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo mzee wa kijijini mwenye simu ya kitochi anayetaka taarifa ya habari, usimletee zawadi ya zisizo na waya. Mpelekee yenye waya, atakuombea dua.

Sasa utunzaji, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Iafoni ya waya hufa mahali pawili: karibu na pini, na pale waya unapogawanyika kwenda masikio mawili. Huuawa na mikono yetu. Tunaushika waya tunapochomoa, badala ya kushika pini yenyewe. Tunaizungushia simu kwa kukaza, na waya unakunjwa pale pale kila siku. Ikunje mduara mlegevu, iweke ndani ya kifuko au kikopo, itadumu. Upande mmoja ukinyamaza, usikimbilie kuitupa. Fundi anaweza kukata pini ya zamani na kuunga mpya. Ila mwenye kuunga awe anajua kazi, kwa sababu nyuzi za shaba za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme, na rangi hiyo isipounguzwa kwanza, kiungo hakitashika.

Kuna ugonjwa mwingine unaowashangaza watu: ala zinasikika, lakini mwimbaji ametoweka, au sauti yake inatoka kama yuko kisimani. Mara nyingi pini haijaingia mpaka mwisho, au waya ule unaotumiwa na pande zote mbili umekatika. Kabla ya kumlaumu fundi, angalia tundu la simu. Vumbi na manyoya ya mfukoni hujazana humo na kuizuia pini. Zima simu, yatoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno.

Zenye kofia za mpira zina adui wao, nao ni nta ya sikio. Nta huziba kile kichujio kidogo mbele ya spika, na sauti ya upande huo inafifia. Vua kofia, uzioshe kwa maji na sabuni kila wiki, na uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Kichujio chenyewe usikioshe kwa maji. Geuza iafoni itazame chini ili uchafu uanguke nje, kisha piga mswaki mkavu na laini. Sindano ni mwiko, maana itatoboa kichujio na utando. Kofia za sponji huziba vizuri zaidi kuliko mpira, lakini hunywa jasho na mafuta, hazipendi kuoshwa, na baada ya muda hutupwa. Katika joto na vumbi letu, mpira ni nafuu.

Zisizo na waya hazina waya wa kukatika, lakini zina betri, na betri huzeeka. Baada ya miaka michache utaona zinazimika mapema kuliko zamani, na kwa kuwa zimefungwa kwa gundi, fundi wengi hawana la kufanya. Usiziache juani juu ya dashibodi, joto huimaliza betri haraka. Zikilowa jasho au mvua, zikaushe kabla ya kuzirudisha kwenye kikasha. Vile vijisahani vya chuma vya kuchajia vifute kwa kitambaa kikavu. Na moja ikidondoka kwenye basi, ndugu yangu, umebaki na nusu iafoni.

Kwa hesabu yangu basi, mwenye kipato cha kawaida anayetaka sauti nzuri na matengenezo rahisi, yenye waya na kofia ya mpira ndiyo inayoshinda. Isiyo na waya ni starehe, lakini ujue umenunua kitu chenye tarehe ya kufa. Popote ununuapo, ijaribu kwa simu yako mwenyewe, kwa wimbo unaoujua vizuri. Sikiliza kama herufi "s" na "sh" zinakukwaruza. Tikisa waya karibu na pini usikie kama sauti inakatika. Piga simu uone kama kipaza sauti kinafanya kazi. Neno orijino lililochapwa kwenye boksi halithibitishi kitu.

Nimebakiza lililo kubwa kuliko yote. Iafoni ikiharibika utanunua nyingine. Sikio je? Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 hivi, ambazo ndizo zinazoigeuza sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Kelele huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, saa hizo 40 zinashuka na kuwa 4 kwa wiki nzima. Ukifika 100, una dakika 20 tu. Si kwa siku, ni kwa wiki. Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa zile zile 40.

Utajuaje bila kipimo? Weka sauti isizidi kama nusu, au kidogo juu ya nusu, ya uwezo wa simu. Kama mtu aliye hatua moja kutoka kwako analazimika kupaza sauti ndipo umsikie, umezidisha. Kama ukizivua masikio yanavuma kama nyuki, hayo ni malalamiko ya chembe zile. Zipumzishe. Usiazimane iafoni, na sikio linalotoa usaha usilichomeke kitu chochote, nenda hospitali.

Zamani redio moja ilikusanya mtaa mzima, na mtu akizidisha sauti jirani alimwambia apunguze. Leo kila mtu ana redio yake ndani ya kichwa chake, na hakuna jirani wa kumkemea. Kazi hiyo ya jirani imekuwa yako mwenyewe. Basi ifanye, kwa sababu sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lililokufa kwa kelele halisikii ritungu, wala honi ya lori, wala mjukuu akikuita.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.