Mkienda Pangani, tazameni mwezi kwanza

Wapenzi wengi wanaopanga mapumziko ya siku mbili ufukweni huanza na bei ya chumba, kisha usafiri, kisha nguo za kwenda nazo. Bahari yenyewe hawaiulizii, wakidhani ipo tu, inawasubiri. Wanafika Ijumaa jioni, wanalala wakisikia mawimbi karibu na dirisha, na Jumamosi saa 4 asubuhi wanatoka na taulo begani. Maji yamekimbilia mbali. Mbele yao ni mchanga wa matope, majani ya bahari na akina mama wenye ndoo wanaoelekea mwambani. Hapo lawama zinaanza: picha za hoteli zilidanganya, au aliyechagua hoteli hajui kuchagua.

Picha hazikudanganya. Zilipigwa wikendi nyingine.

Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hili wengi wanalijua. Wasilolijua wageni wa bara, na linalobadilisha kabisa mapumziko ya watu wawili, ni kwamba kiasi cha maji na saa ya kujaa hufuatana kwa utaratibu usiovunjika, na utaratibu huo unasomeka kwenye kalenda ya mwezi mwandamo inayotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za pwani.

Mwezi na jua vyote huvuta maji ya bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vitu hivyo viwili na dunia hukaa kwenye mstari mmoja, na nguvu zao hujumlishana kama wavuvi wanaovuta juya upande mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Tanga tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta kwa upande wake na mwezi kwa upande wake. Hayo ni maji mafu: bahari hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 1 tu au kuzidi kidogo, na ufukwe haubadiliki sana tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa tazama saa. Siku za bamvua, yaani kuanzia mwezi 1 hadi 3 na 15 hadi 17 kwa kalenda hiyo ya mwezi mwandamo, pwani hii hupwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kisha hujaa alasiri, kuanzia saa 10 hivi. Siku za maji mafu, karibu na mwezi 8 hadi 10 na 23 hadi 25, mambo hugeuka: saa zile zile za asubuhi maji yamejaa, na alasiri ndipo yanapopwa. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama wiki moja. Ndiyo maana wageni wawili wanaweza kulala chumba kile kile kwa wikendi mbili zinazofuatana, mmoja akasifu bahari iliyofika kwenye ngazi, mwenzake akaapa kwamba bahari haikuwapo.

Pangani ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili. Mji wenyewe uko takriban kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga, pale Mto Pangani unapoingia baharini baada ya kusafiri kutoka Kilimanjaro na Meru. Mto huo hubeba udongo, kwa hiyo maji ya mbele ya mji ni ya kahawia. Wanaotaka maji maangavu huvuka kwenda Bweni na kuendelea kusini hadi Ushongo, kijiji cha wavuvi chenye hoteli ndogo chini ya minazi. Huko ndiko wapenzi wengi wanakolala, na kutoka huko boti huondoka kwenda Maziwe.

Maziwe huitwa kisiwa kwa mazoea. Zamani kilikuwa kisiwa kweli, kina mivinje na kasa waliopanda kutaga. Mmomonyoko ulikula miti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakubaki kitu cha kijani. Leo ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, hifadhi ya bahari inayotokeza maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa bado wanakuja. Kwa kuwa mayai yangezama, wahifadhi huyahamishia ufukwe wa Ushongo.

Basi kwenda Maziwe ni kwenda kwa saa ya maji, si kwa saa ya kuamka. Siku ya bamvua nahodha atawataka ufukweni saa 2 asubuhi, na hatanii. Mkichelewa, maji yatakuwa yamepungua mno na boti itakuwa imekaa mchangani. Itabidi mtembee ndani ya maji ya magotini, vitu kichwani, hadi mahali inapoelea. Mkiwahi, mtafika fungu likiwa linaanza kutoka. Kwanza ni ukanda mwembamba usiotosha hata mkeka, kisha unapanuka mbele ya macho yenu, na kufikia saa 5 mna uwanja mzima wa kutembea. Mnaogelea pembeni mwa matumbawe mkiwa na miwani ya maji, mnarudi kupumzika, na kabla ya adhuhuri kupita sana nahodha anaanza kukusanya vitu. Msimbishie. Fungu linavyotoka polepole ndivyo linavyoondoka, na huko hakuna mti wala kibanda. Kivuli ni kile mlichokuja nacho, kwa hiyo mwavuli au turubai si anasa, wala maji ya kunywa.

Siku hiyo hiyo ya bamvua ina zawadi ya pili. Alasiri maji yanapojaa, hupanda pia ndani ya mto. Mkipanda boti mjini kama saa 9 na nusu, mnasindikizwa na maji kuelekea juu, kati ya mikoko na mashamba ya minazi, na mnarudi yakiwa yametulia au yanaanza kushuka, jua likizama nyuma ya minazi. Ratiba ya siku imekamilika bila kuibuni: asubuhi fungu, jioni mto, katikati usingizi.

Maji mafu ni ya wapenzi wa aina nyingine, wale ambao mmoja wao haamki kabla ya saa 3. Mnaamka, mnakunywa chai, na bahari iko mbele ya baraza. Mnaogelea bila kupanda boti hadi adhuhuri. Alasiri maji yakishuka kidogo, ufukwe wa Ushongo unakuwa njia ndefu ya kutembea miguu mitupu. Au mnavuka kwenda mjini kutazama Boma na nyumba za kale, katika mji ambao Wajerumani walimnyongea Bushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuongoza vita dhidi yao. Hapo vaeni kwa heshima, mabega na magoti yafunikwe. Ni mji wa Kiislamu, na mambo ya kukumbatiana hubaki hotelini. Maziwe siku za maji mafu msiitarajie sana, kwa kuwa maji hayashuki vya kutosha na fungu linalotoka ni dogo.

Usiku nao una hesabu yake. Bara la Afrika liko magharibi mwetu, kwa hiyo anayengoja jua lizame baharini Pangani atangoja bure. Kwetu bahari hutoa, haizamishi: jua alfajiri, na mwezi jioni. Usiku wa mwezi mpevu, jua likizama nyuma yenu, mwezi unachomoza kutoka baharini karibu wakati huo huo. Kesho yake utachelewa kwa takriban dakika 50, zile zile za maji. Anayetaka kuvisha pete kwenye mwanga huo achague mwezi 14 au 15. Akifika mwezi 18 atakuwa amekwisha kula na kusinzia kabla haujachomoza. Bamvua ya mwezi mwandamo ina giza, nyota nyingi, na taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga baharini, maana dagaa huvuliwa kwa taa na taa haishindani na mwezi mpevu.

Hata sahani inafuata mwezi. Wale akina mama wenye ndoo wanachokoa pweza kwenye miamba inayoachwa wazi wakati wa bamvua. Siku hizo agizeni pweza wa nazi, atakuwa ametoka majini asubuhi ile. Siku za maji mafu miamba haionekani sana, na pweza anayeletwa mezani huenda ametoka kwenye barafu; ulizeni samaki.

Liko jambo moja mwezi haulitawali, nalo ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi kama Oktoba, na hukolea katikati ya mwaka; bahari ya nje huchafuka na boti ndogo huahirisha safari. Masika, Machi hadi Mei, huleta mvua, barabara za udongo zenye utelezi na maji ya mto yaliyojaa tope. Kaskazi ya Januari na Februari huleta maji ya vuguvugu na joto kali. Kwa watu wenye siku mbili tu, Septemba kuelekea Oktoba, kusi inapolegea, na Januari hadi Februari ndizo nyakati zenye nafasi kubwa ya bahari tulivu. Hata hivyo nahodha akisema leo haiendeki, haiendeki, na kila anayepanda boti avae jaketi la kuokolea.

Kwa hiyo mnapopiga simu hotelini, kabla ya kuuliza bei, ulizeni maswali matatu: tarehe hizo maji yanapwa saa ngapi, boti ya Maziwe inaondoka saa ngapi, na ada ya hifadhi imo ndani ya bei ya safari au inalipwa kando. Mwenye hoteli anayejibu la kwanza bila kuvuta pumzi anaijua bahari yake. Anayesema njooni tu, bahari ipo, mshukuruni na mpige kwa jirani yake.