Picha ya Tabibu Isomwe Kuanzia Pembeni

Golbanti, kama vijiji vingi vya Bonde la Tana, sifa za mganga husambazwa na midomo ya waliopona. London ya karne ya 18 mambo yalikuwa mengine: tabibu aliyetaka heshima alihitaji pia picha ya rangi ukutani. Wapasuaji ndio waliokuwa na haja zaidi, kwa kuwa hadi mwaka 1745 walikuwa chama kimoja na vinyozi, na doa la wembe lilichelewa kuwatoka.

Ukikutana na picha ya aina hii, uache uso kwanza. Wachoraji wa enzi hizo walijua kumpendezesha mtu, kwa hiyo uso haukuambii mengi. Tazama vitu alivyozungushiwa. Mfaransa Alphonse Leroy, daktari wa uzazi aliyechorwa na Jacques-Louis David mwaka 1783, ameegemea kitabu cha Hippocrates kuhusu maradhi ya wanawake, kalamu mkononi, kichwani kitambaa kilichozungushwa kama kilemba. (Wa Lamu wasijivune, hayo yalikuwa mavazi ya msomi akiwa nyumbani.)

Picha inayonisumbua mimi ni ya John Hunter, mpasuaji wa Mfalme George wa Tatu, iliyochorwa na Joshua Reynolds mwaka 1786. Hunter ameshika kalamu, macho yako juu, mawazo mbali. Mezani pana kitabu kilichofunguliwa penye michoro ya mafuvu, la binadamu na ya wanyama, yamepangwa kwa safu. Kisha inua macho hadi pembe ya juu kulia. Mifupa ya miguu inaning'inia, mirefu kupita kiasi, na mwili uliobaki umekatwa na fremu.

Ni miguu ya Charles Byrne, Mwairishi mwenye urefu wa mita 2.3 hivi, aliyekuwa akionyeshwa kwa kiingilio mjini London. Alijua kwamba wapasuaji wanaunyemelea mwili wake, akaomba azikwe baharini. Alikufa mwaka 1783 akiwa na miaka 22. Hunter akatoa fedha, akaipata maiti. Miaka mitatu baadaye wosia uliovunjwa ukawa pambo la kuthibitisha ubingwa. Kwangu mimi hiyo ni hati ya mashtaka, na mshtakiwa ameikalia kwa utulivu kabisa.

Mifupa ya Byrne ilikaa hadharani kwa zaidi ya karne mbili. Makumbusho ya Hunter yalipofunguliwa upya mwaka 2023 iliondolewa machoni pa watu, lakini chuo cha wapasuaji chenye makumbusho hayo hakikuizika. Kinaihifadhi kwa utafiti.

Wapokomo wa Bonde la Tana hawahitaji kuelezwa sana habari hii. Ngadji, ngoma yao takatifu ambayo si kila mtu aliruhusiwa kuiona, ilinyang'anywa na maofisa wa kikoloni, ikaingia British Museum mwaka 1908. Imewekwa stoo, London hiyohiyo.