Silabi kwenye soko la Kasindi

"Ma-ha-ra-gi." Mama muuzaji anasoma maandishi ya kwenye gunia, kidole kikifuata herufi. Nafundisha watu wazima kusoma hapa mpakani mwa Kongo na Uganda, na sauti hiyo naipenda mno. Kiswahili kinamsaidia: silabi nyingi zinaishia na irabu, zinatamkwa zilivyoandikwa. Kifaransa cha ofisini ni kigumu zaidi. "Bureau" lina herufi 6, sauti 4 tu.

Mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo vya watu wazima 63 wa Brazili na Ureno, wasemaji wa Kireno. Hata kwa waliojifunza kusoma ukubwani, sehemu ya nyuma upande wa kushoto wa ubongo ilikuwa imeanza kuitikia maandishi. Basi anayesema mama huyu amechelewa, namkatalia. Wiki ijayo tunaingia maneno magumu zaidi: "mbwa" na "ng'ombe".