Bustani Ndani ya Gunia: Yaliyopandwa Kibera na Kawangware

Jina la Kibera halikuanza na mabati. Wanubi, Waislamu ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari katika jeshi la Mwingereza, walipakuta mahali pale pakiwa na miti, wakapaita Kibra, yaani mwitu, kwa lugha yao ya Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilipotangaza rasmi eneo lile, lilikuwa na ekari 4,197. Hapo Wanubi walijenga, wakalima, wakafuga. Ekari zile zikaendelea kupungua mwongo baada ya mwongo, hata ilipofika mwaka 2017, jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ardhi, iliyobaki ilikuwa ekari 288 tu. Basi anayestaajabu leo kuona sukumawiki ikistawi Makina au Lindi, na ajue kwamba kilimo pale ni mkaazi wa zamani aliyefukuzwa, kisha akarejea kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo ulifunguliwa na msiba. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, Kibera ilikatika na mji. Reli iling'olewa, maduka yakachomwa, malori ya mboga hayakuingia. Mama aliyezoea kutoka jioni kununua fungu la mboga la siku ile alikuta soko limefungwa, na watoto wamekaa wanamtazama. Sisi wa pwani tusilione jambo hili kuwa la mbali. Mboga na viazi vinavyouzwa Kongowea aghalabu hutoka bara kwa lori, na mvua kubwa ikikata barabara siku tatu, bei husema yenyewe.

Mwaka ule ule shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwahimiza wakaazi wa Kibera walime ndani ya magunia. Wazo lenyewe ni jepesi, kwani asiye na kiwanja cha kulima kwa mapana anaweza kulima kwa kwenda juu. Huchukuliwa gunia la kawaida na kopo kubwa lililotolewa kitako. Kopo husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo, na pembeni yake hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Udongo ukifika kimo cha kopo, kopo huvutwa juu, mawe yakabaki, kisha hujazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mwisho wake huwa na nguzo ya mawe katikati kama uti wa mgongo, na ndiyo inayopitisha maji yafike chini bila ya kutuama juu. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu likapata mche wa sukumawiki au spinachi. Juu hupandwa vitunguu au dania. Gunia moja hubeba miche thelathini na zaidi, mahali ambapo ardhini usingepata nafasi ya kuweka hata mkeka wa kuswalia.

Asiyepata kulifanya jambo hili hudhani kazi ni kupanda. Kazi ni maji. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, na mama hawezi kumwaga ardhini alichokinunua kwa jasho. Kwa hiyo gunia hunyweshwa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine: yaliyosuuza mchele, yaliyooshea mboga, yaliyofulia bila sabuni kali. Na nyumba ya Kiislamu ina hazina zaidi, kwani maji ya udhu ya watu watano kwa swala tano si haba. Weka beseni chini ya birika utaona.

Hapa nina la kukiri. Nilipoyasikia haya nilijaza magunia mawili uani kwangu Mombasa, nikajiona mkulima. Nikayanywesha maji ya kisima. Wiki ya tatu majani yakaanza kuungua ncha, wiki ya tano sikuwa na kitu. Kisima kile kina chumvi, kama visima vingi vya kisiwani, na kila nilipotia maji nilikuwa nikitia chumvi. Mara ya pili nilitumia maji ya mvua na ya udhu, nikapanda mchicha badala ya spinachi, na hilo gunia la pili bado linatulisha.

La kuogopwa zaidi ni udongo. Mitaa iliyojengwa juu ya taka huwa na madini mabaya yasiyoonekana kwa macho, risasi ikiwemo, na mboga za majani huweza kuyabeba mpaka sahanini. Kikundi kimoja cha vijana wa Kibera, baadhi yao wakiwa wamewahi kuishi kwa uhalifu, kiligeuza jaa la taka kando ya reli kuwa shamba mwaka 2008, wakisaidiwa na Su Kahumbu, mtaalamu wa kilimo hai. Walipanda na alizeti, kwa sababu mmea huo hufyonza madini ya ardhini. Alizeti ya namna hiyo hailiwi. Mwenye gunia ana nafuu kuliko wao, maadamu anajua udongo wake umetoka wapi. Asiuchote kando ya mtaro wala karibu na gereji.

Wataalamu huuita mwenendo huu pamakalcha, neno lililobuniwa na Waaustralia Bill Mollison na David Holmgren katika miaka ya 1970: kulima kwa kuiga maumbile, kila kilichobaki mahali kikawa chakula cha mahali pengine. Bibi zetu hawakulijua neno hilo, ila uani mwao mnazi ulimfunika mgomba, mgomba ukaufunika mrehani, kuku wakapekua chini, na maji ya kuoshea vyombo yakaishia kwenye shina la mpapai. Sisi ndio tuliomimina sementi ua mzima.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, wao waliishika shida kwa ncha nyingine. Mboga ziko, muuzaji yuko, mwenye njaa yuko. Kilichokosekana ni shilingi ya kuwakutanisha. Dawa yake ilitoka kwetu pwani. Mwaka 2010 Kongowea ilijaribiwa sarafu ya mtaa iliyoitwa Eco-Pesa, na Mei 2013 mtaa wa Bangladesh, Mombasa, ukazindua Bangla-Pesa, chini ya Will Ruddick na shirika la Grassroots Economics. Wafanyabiashara wadogo walidhaminiana, kisha wakapewa vocha za karatasi za kubadilishana bidhaa wao kwa wao. Mwezi haukwisha ila Ruddick na wakaazi watano walikuwa wamekamatwa, wakashukiwa hata kuhusiana na wanaotaka pwani ijitenge. Mashtaka yalifutwa Agosti mwaka ule ule. Mwaka uliofuata, 2014, Kawangware ikapata Gatina-Pesa yake, na 2015 Kibera ikapata Lindi-Pesa.

Tazama inavyokwenda. Muuza mboga hana shilingi asubuhi, lakini ana vocha. Ananunua maandazi kwa jirani. Mwenye maandazi anamlipa muuza maji. Muuza maji anarudi kuchukua sukumawiki. Shilingi halisi inawekwa kwa kodi na karo, mahali ambapo vocha haina nguvu. Karatasi hazina riba, na atakayekopa bila kurudisha huduma huwaona wadhamini wake kila siku mlangoni. Baadaye karatasi zikahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, zikaenea hadi vijiji vya Kwale na Kilifi, ambako Mijikenda wana mweria, desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu. Mwanamke yeyote aliyewahi kucheza upatu ataelewa bila kufundishwa. Kuhusu hukumu zake za kisheria, muulize sheikh wako kabla ya kuingia.

Lisilotatuliwa na gunia wala vocha ni ardhi. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara, maelfu ya watu wakaachwa nje. Gunia lililojaa udongo halibebeki kichwani. Mwenye nalo hung'oa miche, akaifunga kwa kitambaa kibichi, akaondoka nayo na watoto, akitafuta mahali patakapokuwa na jirani wa kumkopesha samadi.